Maji yametoka, ukuta bado umelowa: tupake rangi au tusubiri?

SWALI

Ndugu wa safu ya ushauri, habari za kazi.

Usiku wa kuamkia Jumapili mvua haikukata na Mto Msimbazi ukatufuata hadi ndani. Nyumba yetu ipo Kigogo, ya tofali za saruji za inchi sita, vyumba vitatu na sebule, chini marumaru. Maji yalipanda hadi juu kidogo ya magoti, yakakaa tangu saa saba usiku mpaka saa nne asubuhi, yakaondoka yakatuachia tope zito linalonuka choo. Leo ni siku ya nne.

Sebule na chumba kimoja tumeshazoa tope, vyumba viwili bado. Nilimwaga jiki lita tano sakafuni, harufu ikatulia siku moja, kesho yake ikarudi. Godoro la sponji la inchi sita, ambalo hata mwaka halijamaliza, tumeanika uani na juu limekauka. Friji shemeji amelifuta, anasema likae juani siku mbili kisha tuliwashe. Umeme tulizima kwenye mein swichi, ila soketi zote za chini zilizama. Kinachonishangaza ni ukuta: maji yaliishia magotini, lakini unyevu sasa umefika kiunoni!

Fundi rangi anasema tupige plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, juu yake rangi ya mafuta, na kazi itaisha ndani ya wiki. Mume wangu amekubali kwa sababu mama mkwe anakuja kutoka Tanga wiki mbili zijazo na hataki aikute nyumba ina madoa. Tanki letu la chini ya ardhi, la tofali, lita 5,000, maji yake yamekuwa kama chai ya maziwa. Choo nacho kinarudisha maji kila tukimwaga ndoo. Nina mtoto wa miezi minane, ndiyo kwanza anatambaa.

Nianze na kipi, nitupe nini, niokoe nini? Na fundi tumlipe?

Mama wa Kigogo, Dar es Salaam

JIBU

Pole sana, mama. Fundi rangi msimlipe, wala asiguse ukuta kwa sasa. Sababu tutazieleza hapo chini, maana huyo mkwe ana wiki mbili na kuna mambo ya leo hii.

Mtoto kwanza. Kama kuna ndugu mahali pakavu, akae huko hadi tope la mwisho litoke na sakafu ioshwe mara mbili. Anayetambaa hula kila anachokigusa, na tope lenu si udongo tu: bondeni humo mvua kubwa hufurika vyoo vya shimo, na wapo wanaosubiri mvua hiyo hiyo ili watapishe vyoo vyao.

Umeme mmefanya vizuri kuzima. Ubaki hivyo hadi fundi umeme mwenye leseni apite. Soketi iliyozama haikaushwi, inabadilishwa. Tope laini na chumvi hujipenyeza kwenye vibati vyake vya shaba, na vikikauka huacha njia nyembamba ya umeme kati ya waya wa moto na nyutro. Soketi hupata joto kidogo kidogo, ikaja kuungua wiki kadhaa baadaye wakati kila mtu ameshasahau mafuriko. Breka iliyozama ni vivyo hivyo. Mabomba ya waya yaliyomo ukutani nayo yameingia maji, kwa hiyo fundi ayafungue, abadilishe waya zilizochubuka, kisha apime kila saketi kwa mega ya volti 500, kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenye waya. Isipofika megaomu 1, haiwashwi. Akija fundi asiye na mega, akasema "tuwashe tuone," mshukuru na umsindikize hadi getini. Akague pia waya wa ethi, na kama hamna breka inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30, fedha ya rangi iende huko.

Friji shemeji aliache. Kompresa yenyewe imefungwa na huenda ni nzima, lakini rilei na viunganishi vyake viko chini mgongoni, mahali maji yalipokaa kwa muda wa saa tisa, na jua halifiki huko. Fundi friji avifungue, avisafishe, abadilishe rilei. Kabla ya kumwita, fungua mlango uvute pumzi: kama maji yameingia kwenye povu lililo kati ya bati la nje na plastiki ya ndani, harufu ile haitatoka na gharama ya fundi itakuwa bure. Mtungi wa gesi ukiwa ulizama, uoshe vizuri hasa kwenye vali, ila regyuleta na mpira wake nunua vipya.

Sasa jiki. Haikuwa mbovu, ilipigana na adui asiyekuwa wake. Klorini huishia kwenye uchafu wowote inaoukuta kwanza, na tope lina uchafu wa kumaliza lita tano kabla hazijagusa sakafu. Utaratibu ni huu: zoa tope likiwa bichi, maana likikauka linashika kama saruji na vumbi lake mtalivuta puani. Vyumba viwili vilivyobaki, kama tope limeanza kukauka, lilowesheni kwanza. Halafu sugueni kwa maji na sabuni ya unga, mkianzia ukutani juu ya alama ya maji mkishuka chini, msuuze, na tope liende uani mbali na tanki, si kwenye tundu la bafuni. Sakafu ikishakuwa safi kwa macho, ndipo jiki inaingia. Soma chupa: ya kawaida dukani ni ya asilimia 3.5. Kwa hiyo, chupa moja ya lita moja ichanganywe na lita sita za maji, upate asilimia 0.5. Pakaza sakafu na ukuta hadi alama ya maji, pabaki pamelowa dakika kumi, kisha suuza kwa maji safi kwa ajili ya huyo anayetambaa. Sufuria na sahani zinahitaji dawa nyepesi zaidi: mililita 300 za jiki katika ndoo ya lita 20, loweka dakika 15, suuza. Mchanganyiko tengeneza wa siku moja tu. Ukilala, nguvu zimepungua, na juani unaisha haraka zaidi.

Kamwe msichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, hata kama ni tone. Inatoa gesi ya klorini, na bafuni kwenu hakuna nafasi ya kukimbilia.

Wanaofanya kazi hii wavae buti za mvua na glavu za mpira. Mkojo wa panya huingia kwenye maji ya mafuriko, na ndani yake wamo vimelea vya leptospira wanaopenya kwenye mikwaruzo ya ngozi. Ndio ugonjwa ulioitwa homa ya mgunda ulipozuka Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Mtu akipata homa ghafla, misuli ya mashavu ya miguu ikimuuma na macho yakawa mekundu ndani ya wiki mbili tatu zijazo, aende hospitali na aseme waziwazi kwamba alizoa tope la mafuriko. Asiposema atapimwa malaria, atarudishwa na panado. Aliyejikata achome sindano ya pepopunda.

Tuje ukutani, maana hapa ndipo fedha zenu zinataka kupotelea.

Tofali la saruji lina vitundu vingi vyembamba, na plasta ni hivyo hivyo. Maji huyapanda kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Ndiyo maana mto uliishia magotini na unyevu umefika kiunoni. Hakuna muujiza hapo. Yale yale yaliyoingia yanatafuta pa kutokea. Ukuta hutoka maji kupitia usoni tu, kwa hewa. Fundi wako anataka kuuziba huo uso.

Ukipiga plasta yenye dawa ya kuzuia maji kutoka sakafuni hadi kiunoni, yaliyomo ndani hayaishi. Yanapanda hadi pale dawa inapokoma na kutokea hapo, na mwezi ujao doa litakuwa kifuani. Rangi ya mafuta ni mbaya zaidi kwa sababu ni ngozi ya plastiki: maji yanaisukuma kutoka ndani, inavimba mapovu, inabanduka vipande. Kisha kuna chumvi. Maji yakisafiri ndani ya tofali huyeyusha chumvi za saruji na za mchanga, na yanapokauka huziacha zikiganda. Zikigandia usoni ni unga mweupe tu. Zikigandia nyuma ya rangi au plasta isiyopumua, huvimba na kuirusha nje. Ukiona unga huo katika wiki zijazo, ufagie kwa brashi kavu uuzoe. Usiuoshe! Maji yatauyeyusha na kuurudisha ndani.

Kinachotakiwa ni kinyume cha alichosema: ukuta uvuliwe. Kama juu ya plasta kuna skimu ya jipsamu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta, ikwanguliwe yote hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, maana jipsamu ikilowa hulainika kama uji na fangasi huipenda. Plasta ya saruji na mchanga ibaki, ila mpite mkiigonga kwa mpini wa bisibisi. Panapotoa mlio wa uwazi imeachana na tofali, itolewe. Marumaru nazo mzigonge hivyo hivyo. Iliyo wazi chini yake ina maji machafu, ing'olewe sasa ikiwa bado moja. Kapeti la plastiki kama lipo chumbani, nje.

Kisha hewa. Madirisha na milango inayotazamana ifunguliwe mchana kutwa, makabati na vitanda visogezwe walau futi moja kutoka ukutani. Umeme ukishapitishwa, feni iwekwe dirishani ikielekea nje, itoe hewa yenye unyevu badala ya kuizungusha. Ukiona fangasi imeshaota, futa kwanza kwa kitambaa kilicholowa sabuni kabla ya kuwasha feni, la sivyo utazipuliza mbegu zake nyumba nzima. Na tafadhali, asije mtu akakushauri uwashe jiko la mkaa ndani ulifungie chumba "likaushe." Mkaa unatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Jenereta nayo ikae uani.

Itachukua muda gani? Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya ukuta. Tofali lenu ni la inchi sita, na likipata hewa pande zote mbili kila upande una inchi tatu. Basi hesabu kama miezi mitatu, na ikiwa masika inaendelea, ongeza. Msikisie kwa kugusa, kwa sababu uso hukauka kabla ya tumbo. Kata nailoni nzito mraba wa sentimita 50, ibandike ukutani kwa solotepu nene pande zote nne, iache saa 24. Ukikuta umande upande wa ndani, ukuta bado. Rudia kila baada ya wiki mbili, sehemu ile ile na nyingine karibu na sakafu. Ikitoka kavu mara mbili, pigeni skimu na rangi ya maji. Ya mafuta chini kule, hata wakati huo, hatuipendi.

Tunajua miezi mitatu haimsubiri mama mkwe. Kwa ajili yake kuna chokaa. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zimepakwa chokaa miaka na miaka kando ya bahari, kwa kuwa chokaa hupitisha unyevu na haivimbi, na ukali wake unaizuia fangasi kwa muda. Ukuta ukishasuguliwa na kuwekwa jiki, uache siku tatu nne. Chukua chokaa ya unga kilo moja kwa maji lita mbili hivi, koroga hadi iwe kama maziwa mazito, chuja kwa kitambaa, paka kwa brashi pana nyembamba nyembamba, mara tatu, siku kati ya mkono na mkono. Mkono wa kwanza utaonekana kama haukupaka kitu, usiongeze unene, itapasuka. Glavu na miwani ni lazima, chokaa inaunguza macho. Sebule itakuwa nyeupe, na mtu wa Tanga hatashangaa kuona chokaa. Ukuta utaendelea kupumua huku mgeni akinywa chai. Tahadhari moja: chokaa hushika vizuri kwenye plasta tupu. Penye rangi ya zamani iliyong'ang'ania, ikwanguliwe kwanza.

Tanki: hamu ya kulimaliza maji leo ni kubwa, ila msilimalize. Ardhi inayolizunguka imejaa maji na inalisukuma kutoka nje. Maji ya ndani ndiyo yanayosukuma kurudi. Ukilikausha sasa, kuta za tofali zinaweza kupasuka kuelekea ndani. Chimbeni kishimo kidogo jirani, cha kina kinachokaribia nusu ya tanki ikiwezekana, mkifunike. Maji yakishuka humo, ndipo mlifungulie. Wakati huo toeni maji yote, mzoe tope, msugue kuta kwa brashi na maji safi. Anayeshuka asishuke peke yake: mfuniko uwe wazi saa kadhaa kabla, kamba kiunoni, watu wawili juu, pampu imechomolewa. Halafu jazeni maji safi na muweke lita saba za jiki ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, au gramu 400 za klorini ya unga ya asilimia 65 iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo. Fungueni kila bomba hadi lisikike harufu ya klorini, mfunge, mlale nayo usiku kucha. Asubuhi mmwage yote uani, si chooni, mjaze upya. Wekeni alama ya chaki kwenye usawa wa maji jioni. Asubuhi ikiwa yamepanda au kushuka bila kutumika, tanki lina ufa na dawa yote hiyo itakuwa kazi bure hadi lizibwe.

Kabla ya hapo, maji ya kunywa na ya uji wa mtoto yatoke kwingine na bado yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Dawa ya vidonge kwenye maji ya rangi ya chai haifanyi kazi vizuri. Yatulize na kuyachuja kwanza.

Choo kinarudisha kwa sababu ile ile: shimo limezungukwa na maji na halina pa kuyapeleka. Gari la majitaka likija leo litachukua fedha, na kesho shimo limejaa tena, au kuta zake zimelala chini. Subirini kile kishimo cha uani kikauke. Kwa sasa tumieni maji kidogo, na tundu la bafuni mliwekee mfuko wa nailoni uliojazwa mchanga usiku ili lisitapike.

Vitu vya ndani: godoro litupwe. Tunajua limeuma, ila kata pembe moja kwa kisu uikamue, utakachokiona kitakuondolea huzuni. Masofa ya sponji, makabati ya mbao za unga, unga na mchele hata kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, dawa za kunywa, chuchu za chupa za mtoto, vyote viende. Kitanda na milango ya mninga au mkongo itapona: osha, weka jiki, kausha kivulini taratibu, jua kali litaipinda. Nguo fua kwa maji ya moto uanike juani. Vyeti vilivyoshikana usivibandue. Vipangwe katikati ya karatasi nyeupe, zibadilishwe kila siku. Kabla ya kutupa chochote kipige picha, na orodha iende kwa mtendaji wa mtaa.

Kama nyumba yenu imeingia kwenye tathmini ya fidia ya Mradi wa Bonde la Msimbazi, ule wa kuwahamisha wakazi wa maeneo ya mafuriko, fanyeni usafi na umeme tu, msibandike marumaru mpya. Kama haimo, piga msumari ukutani pale maji yalipoishia, na soketi mpya fundi aziweke mita 1.2 kutoka sakafuni, waya zikishuka kutoka darini badala ya kupita chini.